Uzi: Pedeli, usukani na vidhibiti vya ndege vya USB, tutengeneze wenyewe

ChumaMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikipita humu nakuta mtu anauliza bei ya usukani na pedeli za kuchezea Assetto Corsa, Euro Truck Simulator 2 au X-Plane. Anajibiwa, anashukuru, anaondoka kimya. Bei zenyewe tunazijua, na ukijumlisha usafiri na ushuru mzigo unazidi. Uzi huu ni kwa ajili ya watu hao. Vifaa hivi vinatengenezeka. Mwenye msumeno wa chuma, drili, mita ya umeme na pasi ya kulehemu anaweza kupata breki inayozidi seti nyingi za plastiki za dukani.

Niweke msimamo wangu mapema ili tubishane vizuri: anza na pedeli, na katika pedeli anza na breki. Wengi hukimbilia usukani wenye mota kwa sababu ndio unaovutia macho. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo inayowafanya waache mradi katikati. Usukani wa kawaida usio na mota unaweza kuendeshea vizuri tu kwa muda mrefu. Breki mbovu itakusumbua kila kona.

Kwanza tuelewane kompyuta inakionaje kifaa chako. USB ina kundi la vifaa linaloitwa HID. Humo zimo kibodi na mausi, na jostiki nazo zimo humo humo. Kifaa kikijitambulisha kuwa jostiki ya HID, Windows na Linux hukipokea bila kusakinisha chochote. Kinataja kina mihimili mingapi (mhimili ni kitu kinachosogea taratibu, kama pedeli au usukani) na vitufe vingapi, kisha kinaanza kutuma namba. Kwa hiyo tafuta bodi ambayo chipu yake inazungumza USB yenyewe. Arduino Leonardo na mdogo wake Pro Micro zinatumia ATmega32U4, na chipu hiyo inaweza. Uno, ambayo ndiyo imejaa madukani, ina ATmega328P isiyo na USB ndani yake. Kile chipu cha pili kwenye Uno ni cha kupitisha data tu kati ya bodi na kompyuta. Kwa kazi hii iache Uno hata ukiikuta kwa bei ya kutupa.

Njia nyingine ni bodi ya STM32F103 inayojulikana kama Blue Pill, ukaiwekea famuwea (programu inayokaa ndani ya bodi) ya bure iitwayo FreeJoy. Hapo huandiki hata mstari mmoja wa programu. Unafungua dirisha lake kwenye kompyuta, unachagua pini hii ni mhimili, ile ni kitufe, unahifadhi. Inakupa mihimili 8 na vitufe hadi 128, na hicho ndicho kiwango chenyewe ambacho DirectInput, njia ya Windows ya kupokea jostiki, inakubali kwa kifaa kimoja.

Tofauti inayoonekana kwenye mguu ni hii. Leonardo inasoma analogi (volti inayopanda na kushuka taratibu) kwa biti 10, yaani hatua 1,024. Blue Pill inasoma kwa biti 12, hatua 4,096. Sasa chukua volyumu ya kawaida (kipingamizi cha kuzungusha, kama kile cha sauti kwenye redio) inayozunguka nyuzi 300. Pedeli yako haizungushi zote hizo, labda nyuzi 60 tu, yaani sehemu moja ya tano. Kwenye Leonardo zinakubakia hatua kama 205. Kwenye Blue Pill zinabaki kama 820. Kwa mafuta na klachi 205 zinatosha. Kwa usukani wa mbio, au kwa kupandisha na kushusha pua ya ndege, utaziona ngazi, yaani kifaa kinaruka hatua kwa hatua badala ya kusogea laini.

Nitaendelea na breki. Mwenye swali aulize tu.

---

Waya Tatu

Shukrani mkuu, uzi wa maana. Mimi ni fundi redio, niongezee kwenye hizo volyumu kwa sababu hapo ndipo watu wanaponunua kitu kisicho sahihi.

Kwenye mgongo wa volyumu mara nyingi kuna herufi na namba. B10K ni ya mstari ulionyooka: ukizungusha nusu, unapata nusu. A10K ni ya sauti. Hiyo imetengenezwa kufuata sikio la binadamu, kwa hiyo nusu ya mzunguko haikupi nusu ya thamani. Ukiifunga kwenye pedeli, gari litakuwa halisikii mguu mwanzoni, kisha linaruka. Kama herufi imefutika chukua mita, weka kwenye ohmu, zungusha hadi katikati, pima kati ya mguu wa kati na wa pembeni. Ikisoma karibu nusu ya jumla, hiyo ni B.

Miguu ya pembeni mmoja unakwenda kwenye umeme wa bodi, mwingine kwenye ardhi, wa kati unakwenda kwenye pini ya analogi. Ikienda kinyume, badilisha miguu ya pembeni.

Ila sikubaliani na wanaosema volyumu haifai kabisa. Ni rahisi, inapatikana Kariakoo na Luthuli Avenue, na anayeanza anaelewa kinachotokea.

---

ChumaMbili

Waya Tatu, volyumu ya kuanzia sawa, nakubali. Lakini mguu wa mtu una nguvu na una vumbi. Ndani ya volyumu kuna kijiti kinachosugua njia ya kaboni, na pedeli husugua sehemu ile ile kila siku. Baada ya muda namba zinaanza kurukaruka: umeachia mafuta, gari bado linavuta kidogo kidogo. Unapuliza dawa ya kusafishia, linapona wiki chache, linarudi.

Ninachopendekeza kwa mafuta, klachi na pedeli za ndege ni sensa ya Hall. Edwin Hall aligundua jambo hili mwaka 1879: umeme ukipita kwenye bamba la metali lililo ndani ya uga wa sumaku, volti ndogo inatokea kukingama njia yake. Sensa kama SS49E ina miguu mitatu kama volyumu. Bila sumaku inatoa takriban nusu ya volti unayoilisha. Ukiisogezea upande mmoja wa sumaku inapanda, ukigeuza sumaku inashuka. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika.

Kazi yote iko kwenye mpangilio wa sumaku. Sumaku moja inayoikaribia sensa moja kwa moja inakupa mkunjo mkali: mbali haihisi kitu, karibu inapaa. Weka sumaku mbili ndogo ubavu kwa ubavu, moja kaskazini ikitazama sensa, nyingine kusini, na sensa ipite mbele yao kwa umbali usiobadilika. Kati ya sumaku hizo mbili unapata mstari ulionyooka vizuri.

Kwa wenye Blue Pill: pini zake za analogi hazivumilii volti 5. Lisha sensa kwa 3.3. SS49E inafanya kazi hata kwa volti 3 kasoro, kwa hiyo haitakusumbua.

Kama unataka kitu kinachosoma mzunguko mzima, AS5600 ni sensa ya sumaku ya biti 12. Unabandika sumaku ya duara mwishoni mwa ekseli na sensa inaitazama kwa mbele. Lakini sumaku yake lazima iwe imegawanywa kaskazini na kusini kwa kipenyo, nusu kwa nusu. Zile za kawaida zenye kaskazini juu na kusini chini hazifanyi kazi hapo.

---

Msafiri_Naivasha

Sasa kaka ChumaMbili, umetuambia tuanze na breki halafu umetuzungusha kwenye sumaku. Tupe breki. Mimi nacheza rally, tangu Safari irudi kwenye WRC, ubingwa wa dunia wa rally, 2021 sijatulia. Mchezo wa EA Sports WRC uko na Kenya ndani, na kila kona nafunga magurudumu.

---

ChumaMbili

Breki basi.

Ingia kwenye gari lolote lenye breki za mafuta, injini ikiwa inawaka, ukanyage. Pedeli inashuka kidogo, inakutana na ukinzani, na kuanzia hapo haishuki tena sana. Unachobadilisha ni nguvu ya mguu. Mwili wa binadamu unakumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali. Pedeli yenye volyumu au Hall inapima umbali, kwa hiyo unaulizwa swali ambalo mguu hauna jibu lake: nisimamishe mguu kwenye sentimita ngapi? Msafiri, magurudumu yako yanafunga kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni sensa ya uzito, ile ile iliyo ndani ya mizani ya kielektroniki. Ni kipande cha chuma au alumini chenye vipingamizi vidogo vilivyobandikwa, ambavyo hubadilika chuma kinapopinda kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Volti inayotoka ni ndogo mno kwa Arduino kuisoma, kwa hiyo inapitia kikuzaji. Kinachopatikana kirahisi ni HX711.

Kwenye HX711 kuna jambo moja ambalo lisipofanywa breki inaharibika. Chipu hiyo inaweza kusoma mara 10 au mara 80 kwa sekunde, na moduli nyingi za bei nafuu zimefungwa kwenye 10. Kwa mizani ya sukari ni sawa. Kwenye gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa, sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mita 5.6. Unakanyaga, na mchezo unaambiwa umekanyaga gari likiwa limeshapita. Tafuta mguu namba 15 wa chipu, unaitwa RATE. Unyanyue kutoka kwenye bodi kwa uangalifu na uuunganishe na umeme badala ya ardhi. Hapo inasoma mara 80.

Pili, hesabu ya mtarimbo. Tuseme pedeli imeshikiliwa chini, mguu unakanyaga sentimita 20 kutoka kwenye ekseli, na fimbo inayosukuma sensa iko sentimita 5 kutoka ekseli hiyo hiyo. Nguvu inazidishwa mara nne. Ukikanyaga kwa kilo 30, sensa inapokea 120. Sensa ya mizani ya jikoni itapinda moja kwa moja na haitarudi. Ama ununue ya kilo 200, ama upandishe fimbo.

Tatu, mpira. Sensa ya uzito yenyewe haisogei, na kukanyaga ukuta hakupendezi. Weka vipande vya mpira kati ya fimbo na sensa. Nenda duka la spea, omba bushi za stabilaiza au raba za shokabu. Panga mbili laini na moja ngumu kwenye bolti ndefu yenye washa kati yao. Mwanzo inashuka, kisha inakaza. Ukitaka ngumu zaidi, unakaza nati. Mimi hapo ndipo naona kifaa cha nyumbani kinapokishinda cha dukani: unaifikisha mpaka ifanane na gari unalolijua.

Mwisho, fremu. Ukiikanyaga kwa kilo 40, pedeli inakusukuma wewe kwa kilo 40. Kiti cha ofisi chenye magurudumu kitarudi nyuma hadi ukutani. Funga kiti na pedeli kwenye fremu moja ya mbao nzito au chuma cha mraba. Bila hilo, pesa ya sensa imepotea.

Hendibreki ya rally ni hivyo hivyo kwa mkono, ila hata Hall inatosha, kwani mara nyingi unaivuta yote na kuiachia.

---

RubaniMwanafunzi

Habarini wote. Mimi nasomea urubani, natua na kupaa uwanja wa Wilson, Nairobi, na ndege ndogo ya Cessna 172. Nataka kujizoesha nyumbani kwa X-Plane. Nina jostiki ya kuzungusha mkono kwa ajili ya usukani wa mkia lakini inanifundisha vibaya, miguu inasahau kazi yake. Naomba muongozo wa pedeli za ndege. Na je, saa za hapa naweza kuziandika kwenye kitabu?

---

ChumaMbili

Karibu sana. Saa haziandikwi. Zinazohesabiwa ni za kifaa kilichoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwenu KCAA, huku kwetu TCAA. Lakini kwa kuzoesha miguu na taratibu za kabla ya kupaa, kifaa cha nyumbani kinasaidia sana.

Pedeli za ndege ni rahisi kuliko za gari kwa jambo moja: zote mbili ni mhimili mmoja. Ya kushoto ikienda mbele, ya kulia inarudi. Tengeneza mtarimbo mmoja wenye beringi katikati, pande zote mbili zifungwe fimbo za pedeli, na sensa moja ikae kwenye ekseli ya katikati. Beringi za 608, zile za viatu vya magurudumu, zina tundu la milimita 8 na zinapatikana kila mahali. Weka springi mbili zinazovutana ili mtarimbo urudi katikati. Zisiwe kali, maana katika 172 utahitaji kushikilia pedeli ya kulia muda wote wa kupaa, injini ikiwa kwenye nguvu kamili.

Breki za vidole ni mihimili mingine miwili. Sehemu ya juu ya kila pedeli iwe na bawaba yake, na Hall yake. Kwa hiyo jumla ni mihimili mitatu. Kama muda ni mdogo anza na mtarimbo peke yake, maana 172 inageuka ardhini kwa pedeli pia.

Kwa uwanja kama Wilson, ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, usiache mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa. Wengi hutengeneza mkono wa nguvu tu kwa kuwa michezo inaruhusu mchanganyiko wa kujiendesha. Kwa mwanafunzi wa Nairobi hiyo ni hasara. Hewa ni nyembamba, unapaswa kupunguza mafuta kabla ya kupaa, na mkono wako ujue uko wapi. Rafiki yako anayeruka kutoka Zanzibar, karibu na usawa wa bahari, atauhitaji zaidi akishapanda.

---

Waya Tatu

Kwa mikono hiyo ya kusukuma na kuvuta, tumia volyumu za kutelezesha. Mikisa mbovu za muziki zimejaa kwa mafundi, kila moja ina kumi au zaidi. Lakini pima kwa mita kama nilivyoeleza, za mikisa nyingi ni za sauti, herufi A. Huko kinachosogea hakisogei kwa nguvu ya mguu, kwa hiyo volyumu inadumu. Naona ChumaMbili hatabisha hapo.

Sasa vitufe, maana rubani atataka swichi za taa, pampu, betri, magneto. Usifunge kila swichi kwenye pini yake, zitakwisha. Panga safu na nguzo: nyaya 5 za mlalo, 5 za wima, kila makutano swichi moja. Pini 10 zinabeba swichi 25.

Kila swichi iwekewe dayodi moja, 1N4148, zote zikitazama upande mmoja. Utaambiwa na wengine kwamba si lazima. Kwa vitufe vya kubonyeza na kuachia unaweza kuponea. Kwa swichi za kuwasha na kuzima, hapana. Zenyewe zinabaki zimefungwa. Swichi tatu zilizo kwenye pembe tatu za mstatili zikiwa zimewaka, umeme unazunguka na kompyuta inaona ya nne nayo imewaka. Unawasha taa ya kutua, na pampu nayo inaonekana imewaka. Dayodi inazuia umeme kurudi nyuma, na bei yake ni ndogo sana.

---

Mzee wa Muscat

Assalaam aleikum vijana. Niko Oman, nina jostiki yangu ya zamani, chuma kitupu, ile yenye plagi pana ya pini 15. Nimenunua waya wa kubadilisha kwenda USB, ndege inatetemeka. Naweza kuiokoa?

---

Waya Tatu

Waaleikum salaam mzee wangu. Inaokoka, na usiitupe.

Plagi hiyo ni ya kabla ya USB, ilianza na kadi ya IBM ya mwaka 1981. Kadi haikuwa inasoma volti. Ilikuwa inajaza kapasita kupitia volyumu ya jostiki na kupima muda wa kujaa. Ndiyo maana ndani utakuta volyumu imefungwa nyaya mbili tu, mguu mmoja umeachwa wazi. Bodi zetu zinataka zote tatu.

Fungua, kata waya wa zamani, funga kila volyumu miguu mitatu kama nilivyoeleza juu. Volyumu zenyewe mara nyingi ni 100K, yaani ohmu 100,000. ATmega imeundwa kusoma chanzo cha ohmu 10,000 au chini, kwa hiyo 100K inaweza kutikisika. Kama 10K yenye umbo hilo inapatikana, badilisha. Kama haipatikani, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya analogi na ardhi, karibu kabisa na bodi. Pro Micro inaingia ndani ya kitako cha jostiki bila shida. Vitufe navyo kila kimoja pini yake, ni vichache.

---

Msafiri_Naivasha

Breki imekaa, wazee. Bushi tatu na sensa ya kilo 200. Sasa tuongee usukani. Nimepata mota ya waipa ya lori, ina nguvu ajabu. Hiyo si itatosha kwa usukani wa kutetema?

---

ChumaMbili

Hongera, kaka. Lakini mota ya waipa iache. Ndani yake kuna gia ya minyoo: mota inageuza usukani, usukani hauwezi kugeuza mota. Kuendesha kwa hisia kunahitaji pande zote mbili. Gari linapoteleza, usukani lazima uzunguke wenyewe mkononi mwako, na wewe uweze kuupinga. Na gia ya minyoo utakuwa unasukuma jiwe.

Kinachofaa ni mota ya DC isiyo na gia, yenye nguvu, ikivuta puli kubwa ya usukani kwa mkanda wenye meno. Dereva ya mota ya BTS7960, bodi inayopitisha umeme wa mota kwa amri ya Arduino, ni ya bei ndogo na inabeba ampea za kutosha. Kwenye ekseli ya usukani weka enkoda ya macho (sensa inayohesabu mzunguko kwa mwanga) ya mipigo 600. Ukihesabu kingo zote inakupa 2,400 kwa mzunguko, kwa hiyo usukani wa nyuzi 900, mizunguko miwili na nusu, unapata nafasi 6,000. Zipo famuwea za bure za Leonardo zinazopokea amri za nguvu kutoka kwenye mchezo. Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna OpenFFBoard, mradi huria wa usukani wenye mota.

Usukani wenye mota unaweza kuvunja kidole. Umeme wa mota upitie swichi kubwa nyekundu unayoifikia bila kutazama. Jaribio la kwanza lifanyike kwa nguvu ndogo kabisa, mikono ikiwa nje ya usukani, na usiweke spoku ambazo kidole gumba kinaweza kunasa. Mtoto asiachwe nao ukiwa umewashwa.

---

RubaniMwanafunzi

Mtarimbo umesimama, beringi zimeingia. Kwenye Windows nafungua joy.cpl, dirisha la kupimia jostiki, mhimili unaonekana, lakini pedeli zikiwa katikati namba inacheza kidogo, na nikifika mwisho haifiki mwisho.

---

ChumaMbili

Haya ni mawili tofauti. La kutofika mwisho ni la kupima upya mipaka. Ifanye kwenye FreeJoy yenyewe, siyo Windows, ili kifaa kikumbuke mipaka yake hata kwenye kompyuta nyingine. Kanyaga hadi mwisho pande zote mbili na uache nafasi ndogo kwenye ncha.

La kucheza katikati, kwanza tazama nyaya. Waya wa sensa ukipita kando ya waya wa chaja au taa unaokota kelele. Tumia waya wenye neti, neti ifungwe kwenye ardhi upande wa bodi tu. Kisha shika mtarimbo kwa mkono uutikise: kama unasogea kabla springi hazijavuta, beringi ina nafasi na hakuna programu itakayolitibu hilo. Ukimaliza hayo mawili ndipo uongeze kichujio kwenye FreeJoy, kiwango cha chini kwanza, maana kila ukikipandisha mguu unachelewa kusikika. Sehemu ya katikati isiyohisi iwe ya mwisho kabisa na iwe ndogo. Kwenye upepo wa ubavu utazihitaji zile milimita za kwanza.

Weka picha ya springi zako hapa, nadhani moja inavuta kuliko nyingine.